Manga uliyoipenda imechuja: uendelee, usimame, usubiri au uhamie anime?

Dalili huwa ndogo mwanzoni. Unafungua sura ya wiki ya manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, unaimaliza kwa dakika nne, na ukiulizwa kimetokea nini huna la kusema zaidi ya kwamba fulani bado anapigana na fulani. Wiki ya pili hivyo hivyo. Kufikia mwezi wa tatu unasoma maoni ya watu kuliko hadithi yenyewe. Manga imechuja, nawe umebaki njia panda. Kuiacha unaona uchungu, maana umeisindikiza sura 300, na kuendelea nako ni kama kutafuna kapi la muwa.

Njia zilizo wazi ni nne: kuendelea sura kwa sura hadi tamati, kusimama mahali pazuri na kuhesabu kwamba hadithi imeishia hapo, kusubiri iishe ndipo uisome kwa mkupuo, au kuiacha karatasi na kuhamia kwenye anime, yaani katuni ya skrini inayotokana na manga hiyo. Kila moja ina watu wake. Tutazipima kwa vigezo vilevile, tukitumia manga ambazo tayari zimezua ubishi huu, bila kumwambia mtu nani alikufa wala nani alimsaliti nani. Neno "mkasa" humu lina maana ya sehemu kubwa ya hadithi yenye adui wake, vita vyake na mwisho wake. Manga ndefu ni mikasa iliyofungwa kamba moja.

Tunavyopima

Muda ndio kigezo cha kwanza, nao ni wa aina mbili. Kuna muda wa kusoma: sura ya manga ya kila wiki huwa na kurasa kama 19, na msomaji wa kawaida huimaliza kwa dakika tano hadi saba. Juzuu moja hukusanya sura tisa au kumi, kurasa 190 hivi, kwa hiyo ni kazi ya saa moja. Kuna pia muda wa kalenda, nao ndio unaochosha. Jarida la Weekly Shonen Jump la kampuni ya uchapishaji ya Shueisha hutoka takriban mara 48 kwa mwaka, na mwandishi naye hupumzika mara kwa mara. Pambano la sura 30, ambalo ukilisoma mfululizo ni saa tatu, hukaa miezi saba na ushee likitolewa wiki kwa wiki.

Vigezo vingine ni gharama, hatari ya kufichuliwa yaliyo mbele, aina ya hadithi utakayoondoka nayo (nzima, nusu, au iliyorekebishwa), na mambo yanayoelekea kuharibika ukishachagua.

Kwanza ijue imeharibika wapi

Kuchagua njia kabla ya kujua ugonjwa ni kubahatisha. Manga hudorora kwa sababu tofauti, na kila sababu ina njia inayoiendea vizuri.

Sababu inayoonekana mapema kuliko zote ni uchovu wa mchoraji. Kurasa 19 kila wiki, kwa miaka kumi au kumi na mitano, ni mzigo ambao mwili hauubebi bure. Angalia mandhari: majengo na miti vinatoweka nyuma ya wahusika, nafasi yao inachukuliwa na weupe mtupu au mistari ya kasi. Fremu zinakuwa kubwa na chache, ukurasa uliokuwa na saba sasa una tatu. Sura zinapungua kutoka kurasa 19 hadi 15 au 13. Aina hii si lazima iwe anguko la uandishi. Hunter x Hunter iliwahi kuchapishwa jaridani ikiwa na michoro ya rasimu tupu, kisha kurasa hizo zikachorwa upya kwa ajili ya juzuu. Ikiwa kinachokukera ni mchoro, basi huenda unasoma toleo lisilo sahihi la kazi ileile.

Sababu ya pili ni kupotea kwa mpango, na hapa lawama haimwangukii mwandishi peke yake. Katika majarida ya kila wiki, wasomaji hupigia kura hadithi wanazozipenda, na kura hizo huwasaidia wahariri kuamua ipi ibaki na ipi ikatwe. Manga mpya inaweza kufungwa kabla haijafika sura 20. Mwandishi anayeanza katika hali hiyo hana sababu ya kupanga mambo ya miaka kumi mbele, bali anapanga ili avuke miezi mitatu. Akifaulu, shida inageuka: sasa hadithi inapendwa mno kuachwa iishe. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Utaona adui aliyekuwa kilele cha kila kitu anageuka kuwa kibaraka wa mwingine mkubwa zaidi, na huyo naye ana bwana wake. Sheria za nguvu zilizoelezwa kwa makini juzuu ya tatu zinavunjwa juzuu ya thelathini bila maelezo. Waliokufa wanarudi. Fumbo likipata jibu, jibu lenyewe ni fumbo jingine.

Isidhaniwe kwamba mkono wa mhariri ni sumu siku zote. Katika Dragon Ball, Kazuhiko Torishima, aliyekuwa mhariri wa kwanza wa mwandishi wake Akira Toriyama, alilalamika kwamba maadui wa mkasa wa androidi (viumbe wa kutengenezwa wenye umbo la binadamu) hawakuwa na mvuto, na malalamiko hayo yakachangia kuzaliwa kwa androidi 17 na 18, kisha Cell. Leo mashabiki wengi wanawapenda maadui hao kuliko waliokusudiwa awali. Kubadili mpango katikati kunaweza kuokoa hadithi, ila hakuwezi kuiokoa mara tano mfululizo.

Sababu ya tatu ni haraka ya mwisho. Nyuzi zilizosokotwa kwa miaka kumi zinafungwa kwa sura kumi na tano. Mapambano yaliyosubiriwa yanatokea nje ya ukurasa, tunaambiwa tu nani alishinda. Kisha hadithi inaruka miaka kadhaa mbele na kila mtu ana watoto. The Promised Neverland, iliyotoka 2016 hadi 2020 kwa sura 181, hutajwa sana hapa. Mkasa wake wa kwanza ulikuwa wa kupanga na kupangua kwa akili, hatua kwa hatua, lakini theluthi ya mwisho inakimbia kiasi kwamba matatizo makubwa yanatatuliwa kabla hayajamtisha msomaji.

Ya nne haipendezi kuisikia: pengine hadithi ni ileile na wewe ndiye uliyebadilika. Aliyeanza Naruto akiwa na miaka kumi na miwili mwaka 1999 alikuwa na ishirini na saba ilipoisha 2014.

Kuna jaribio rahisi la kutofautisha haya, linalochukua saa moja na nusu. Chukua sura 10 za karibuni zilizokuudhi, zisome kwa kikao kimoja bila kusoma maoni yoyote kabla au katikati. Zikikushika, tatizo lilikuwa mwendo wa wiki, si uandishi. Zisipokushika, fungua juzuu ya kwanza usome sura tatu za mwanzo. Nazo zikikuacha vilevile, aliyebadilika ni wewe. Zikikusisimua kama zamani, hapo ndipo una haki ya kusema manga imechuja.

Njia ya kwanza: kuendelea sura kwa sura

Muda. Kwa wiki ni dakika saba tu, na ndiyo maana watu hawaoni wanachotoa. Kwa kalenda ni miaka. Mkasa wa mwisho wa Bleach una sura 207, kuanzia ya 480 hadi ya 686, na ulichukua zaidi ya miaka minne, 2012 hadi 2016. Ukiusoma kwa mkupuo ni saa 21 hivi.

Gharama. Ndiyo njia nafuu kuliko zote, mradi usichelewe. Huduma ya Manga Plus ya Shueisha, iliyoanza Januari 2019, kwenye tovuti yake kwa kawaida huweka wazi bure sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni. Hesabu yake ni rahisi: ukikosa wiki nne, unapata pengo ambalo utalilipia au kuliruka.

Kufichuliwa. Unalindwa na ukweli kwamba uko mbele pamoja na wengine, isipokuwa kwa siku zile chache kati ya kuvuja kwa sura na kutoka kwake rasmi. Hapo ndipo pabaya. Kinachovuja kwanza mara nyingi ni muhtasari wa maandishi, usio na mchoro wala mpangilio wa fremu. Manga ikisomwa kwa muhtasari haiwezi kuwa nzuri. Tukio la ukimya wa kurasa nne linakuwa "anamtazama kisha anaondoka". Watu huichukia sura Jumatano, sura yenyewe inatoka Jumapili, na wanaisoma wakiwa wameshaihukumu.

Utakachopata. Hadithi nzima kama ilivyotoka, pamoja na makosa ambayo baadaye yatasahihishwa katika juzuu.

Kinachoharibika. Nadharia za wasomaji. Mfululizo unaokaa miaka kumi na kitu huacha nafasi ya maelfu ya watu kukisia, na baadhi ya makisio hayo yatakuwa mazuri kuliko jibu la mwandishi. Anayeingia kwenye makisio kila wiki hujijengea hadithi ya pili kichwani, kisha huilaumu ya kwanza kwa kutofanana nayo. Jingine ni kusoma kwa hasira, pale unapofungua sura ukitafuta kosa. Ukijikuta unafurahia sura mbaya kwa sababu imekupa cha kusema, ujue hapo wewe si msomaji tena, ni mwamuzi, na mwamuzi hafurahii mpira.

Inamfaa nani? Anayependa mazungumzo kuliko hadithi, mwenye kundi la marafiki wanaosoma siku moja, na yule ambaye mfululizo wake umebakiza kidogo. Mwandishi akishatangaza kwamba amefika mkasa wa mwisho, "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga" inaanza kuwa na mantiki, ingawa mkasa wa mwisho wa shonen (manga za wavulana) unaweza kula miaka minne, kama tulivyoona.

Njia ya pili: kusimama kwenye kituo kizuri

Hii hudharauliwa kama kukata tamaa, lakini kwa manga nyingi ndiyo inayoacha kumbukumbu nzuri kuliko zote. Ugumu wake ni kuchagua kituo. Kituo kizuri kina mambo matatu: swali kuu la mkasa limejibiwa, mhusika mkuu amebadilika kwa namna inayoonekana, na kurasa za mwisho hazijamleta adui mpya. Vituo vinavyotumiwa sana ni hivi:

Bleach ina viwili. Sura ya 182 katika juzuu ya 21 inafunga safari ya Soul Society, ulimwengu wa roho. Sura ya 423, ya mwisho katika juzuu ya 48, inafunga uadui uliochukua nusu ya kwanza ya mfululizo na zaidi. Kilichobaki ni juzuu 26. Anayesimama 48 anapata hadithi iliyokamilika karibu kuliko manga nyingi zilizoisha kihalali.

Naruto inaweza kusimama juzuu ya 27, mwisho wa utoto, ila kisa cha marafiki wawili kinabaki wazi kabisa. Juzuu ya 48, sura ya 453, ni kituo kizuri zaidi kwa anayejali nafasi ya shujaa machoni pa kijiji chake. Vita kuu vinavyofuata ndivyo hasa vilivyowachosha wengi.

The Promised Neverland inafunga mkasa wa kwanza sura ya 37, ndani ya juzuu ya 5. Sema "ndani ya", kwa sababu juzuu yenyewe inaendelea hadi sura ya 43 na inaanzisha mambo mapya. Usipokuwa mwangalifu utavuka kituo ukiwa umelala.

Hunter x Hunter: sura ya 339, ndani ya juzuu ya 32. Hata anime ya 2011, yenye vipindi 148, ilisimama hapo, na ni nadra kituo kukubaliwa na karatasi na skrini kwa pamoja.

Attack on Titan: sura ya 90, mwisho wa juzuu ya 22. Hiki ni kituo chenye walakini. Fumbo la mwanzo limejibiwa, vita vimekwisha, lakini ukurasa wa mwisho unauliza swali kubwa kuliko lote. Anayeweza kuishi na swali hilo atakiona kituo kizuri sana, asiyeweza asijisumbue.

Na Death Note? Wengi hushauri kusimama sura ya 58, juzuu ya 7. Ushauri huo una kasoro ya hesabu na ya hadithi. Zimebaki sura 50 tu, juzuu tano, saa tano za kusoma, na swali lililoanzisha kila kitu linajibiwa sura za mwisho kabisa. Nusu ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza, ndiyo, lakini kuachia hapo ni kutoka uwanjani dakika ya 60.

Kwa muda na gharama, njia hii haina mpinzani: unajua kabla ya kuanza ni juzuu ngapi utanunua au kuazima. Kufichuliwa ndiko udhaifu wake, maana mwisho wa manga maarufu utakutafuta wewe. Picha za jalada, mapendekezo ya utafutaji na vichwa vya video vitakuambia. Ukichagua kusimama, kubali tangu mwanzo kwamba siku moja utaujua mwisho kwa bahati mbaya, na uamue kwamba haidhuru. Asiyeweza kuamua hivyo atarudi kusoma miezi sita baadaye, safari hii akiwa na maelezo nusu nusu, na huo ndio usomaji mbaya kuliko wote.

Kinachoharibika zaidi ni kuikosa sehemu nzuri iliyo mbele. Manga haiporomoki kwa mstari ulionyooka. Huweza kushuka mkasa mzima kisha ikapanda. Dawa yake ni kuuliza mtu aliyemaliza swali moja tu, bila maelezo: "Baada ya nilipoishia, kuna mkasa hata mmoja unaolingana na ule nilioupenda?" Jibu ni ndiyo au hapana.

Inamfaa anayependa muundo uliofungika, mwenye muda mchache, na aliyependa hadithi kwa ajili ya mahali au fumbo fulani ambalo limekwisha kupita. Haimfai aliyependa mhusika. Huyo atataka kujua alikoishia hata kama njia ya kufikia huko ina mashimo.

Njia ya tatu: kusubiri iishe, usome kwa mkupuo

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na haohao wakasema ngojangoja huumiza matumbo. Zote mbili ni kweli hapa.

Muda wa kusoma ni mrefu lakini unajulikana. Jujutsu Kaisen iliisha Septemba 2024 kwa sura 271, juzuu 30, yaani saa 30 hivi. My Hero Academia iliisha Agosti 2024 kwa sura 430, juzuu 42. Mwendo unaofaa ni juzuu mbili au tatu kwa siku. Ukizidisha, mapambano yanachanganyika, majina yanateleza, na unapata uchovu uleule uliokuwa ukiukimbia, tofauti ni kwamba umeupata kwa wikiendi moja. Kila juzuu ifunguliwapo, usiruke ukurasa wa utambulisho wa wahusika na muhtasari wa yaliyopita. Umewekwa kwa ajili ya mtu aliyesoma juzuu iliyotangulia miezi mitatu nyuma, lakini humsaidia hata aliyeisoma jana.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unasoma toleo lililokomaa. Michoro iliyoharakishwa imeguswa upya, na mara nyingi tamati imeongezwa nyama. Juzuu ya 34 ya Attack on Titan ina kurasa ambazo hazikuwemo katika sura ya 139 ilipotoka jaridani mwaka 2021. Juzuu ya 30 ya Jujutsu Kaisen ilikuja na nyongeza baada ya tamati, na juzuu ya 42 ya My Hero Academia ina sura ya ziada ya 431. Ambao hasira yao ilitokana na haraka ya mwisho wana sababu ya kuzitafuta kurasa hizo kabla ya kutoa hukumu. Hazigeuzi mwisho, ila zinaupa pumzi.

Tena matatizo ya mwendo huyeyuka. Pambano lililochosha miezi saba ni mchana mmoja. Lakini matatizo ya mpango hayayeyuki, hukuzwa. Sheria iliyovunjwa baada ya miaka sita husahaulika kwa msomaji wa wiki. Kwa msomaji wa mkupuo ilivunjwa juzi, na bado anaikumbuka. Ndiyo maana jaribio la sura 10 ni muhimu kabla ya kuchagua njia hii.

Gharama iko juu ukinunua juzuu zote, ya wastani ukilipia usajili wa kidijitali kwa mwezi mmoja au miwili na kuusitisha. Kufichuliwa ni vita vya kila siku: kwa mfululizo maarufu, kukaa miaka miwili bila kujua chochote kunahitaji kuzuia majina ya wahusika, jina la manga na vifupisho vyake kwenye mitandao yote, na bado kuna kitakachokufikia.

Kinachoharibika kabisa ni pale hadithi isipoisha. Berserk ilianza 1989, mwandishi wake Kentaro Miura akafariki Mei 2021, na tangu Juni 2022 inaendelezwa na Studio Gaga chini ya usimamizi wa rafiki yake Kouji Mori. Hunter x Hunter ilianza 1998. Ilirudi 2022 kwa sura 10, kisha 2024 kwa sura nyingine 10. Kwa kazi za namna hiyo kusubiri si mpango. Weka njia ya tatu kwa manga iliyotangaza mkasa wa mwisho au iliyokwisha kabisa.

Inamfaa mwenye subira, asiyependa kelele za mashabiki, na ambaye jaribio lilimwonyesha kwamba adui wake ni mwendo.

Njia ya nne: kuhamia anime

Kabla ya kuhamia, piga hesabu moja: gawanya idadi ya sura kwa idadi ya vipindi. Kipindi cha dakika 24, ukitoa nyimbo za mwanzo na mwisho, kina dakika 21 hivi za hadithi, na humeza vizuri sura mbili au tatu. Msimu wa kwanza wa Jujutsu Kaisen, vipindi 24 kwa takriban sura 63, uko hapo hapo. Ikizidi tano, ujue vitu vinatupwa. Ikishuka chini ya moja, ujue kuna kujaziwa.

Mifano iko wazi. Msimu wa kwanza wa The Promised Neverland ulitumia vipindi 12 kwa sura 37. Msimu wa pili, mwaka 2021, ulikuwa na vipindi 11 kwa sura zaidi ya 140 zilizobaki, na mkasa mzima wa Goldy Pond, ambao wasomaji wengi wanauhesabu kuwa bora wa pili, haukuonyeshwa. Aliyekimbia tamati ya karatasi akahamia huko aliruka chungu akatua jikoni. Tokyo Ghoul:re iligawiwa vipindi 24 kwa sura 179, zaidi ya saba kwa kipindi, na asiyesoma kitabu hawezi kuifuata. Upande wa pili, Naruto Shippuden ina vipindi 500 kwa sura kama 456.

Muda, basi, unategemea mfululizo. Ule ulioonyeshwa mfululizo bila misimu una vipindi vya kujazia ambavyo havimo kwenye manga, na vinaweza kurukwa bila hasara: Naruto ya kwanza kuanzia 143 hadi 219, Bleach kuanzia 64 hadi 108. Ukiondoa hivyo, Naruto ya kwanza inapungua kwa zaidi ya theluthi.

Utakachopata ndicho kivutio: wakati mwingine anime ni nafasi ya pili ya mwandishi. Bleach ya televisheni ilisimama 2012 baada ya vipindi 366, na mkasa wa mwisho uliporudi Oktoba 2022, mwandishi wake Tite Kubo alishiriki kuongeza matukio ambayo manga iliyapita kwa haraka. Kwa mkasa huo, skrini inatibu ugonjwa uleule uliolalamikiwa kwenye karatasi. Attack on Titan nayo, ilipohitimishwa Novemba 2023, mazungumzo ya mwisho yaliandikwa upya ili kueleza kilichoonekana kutatanisha mwaka 2021. Matokeo ni yaleyale. Kilichobadilika ni jinsi yanavyosemwa, na kwa wengi tofauti hiyo ilitosha.

Kufichuliwa kunabaki, maana waliosoma wako mbele yako. Gharama ni usajili wa huduma ya kutazama, na misimu ya kazi moja inaweza kutawanyika kwenye huduma tofauti. Kinachoharibika ni pengo kati ya misimu, mwaka au zaidi. Inamfaa ambaye malalamiko yake ni haraka au mchoro. Aliyechoshwa na mpango wenyewe atakuta mpango ni uleule, umepakwa rangi na kuwekewa muziki.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Uko katikati ya mfululizo unaoendelea na jaribio limeonyesha tatizo ni mwendo: simama mwisho wa mkasa ulio karibu, zuia majina, rudi mfululizo wote ukiisha. Kama mwandishi ana historia ya mapumziko marefu, endelea tu kila sura inapotoka. Sura 10 kwa mwaka hazimchoshi mtu.

Tatizo ni mpango, nawe ulipenda fumbo au ulimwengu: rudi nyuma utafute kituo, hata kama umeshakivuka. Unaruhusiwa kuamua kwamba Bleach iliisha juzuu ya 48 ukiwa umeshasoma zote 74.

Tatizo ni mpango, lakini ulipenda mhusika mmoja: endelea kwa kuchagua. Soma sura anazotokea, na za katikati pitia muhtasari wake. Si usomaji wa kujivunia, lakini unafika.

Mfululizo umeisha na mwisho umekuudhi: tafuta juzuu ya mwisho kabla ya kitu kingine chochote, uone kama ina kurasa za nyongeza. Kisha piga hesabu ya sura kwa vipindi uone kama anime inafaa.

Hujaanza, umesikia tu kwamba "inaharibika mbele": anza. Weka kituo chako kabla ya juzuu ya kwanza, na usisome sababu za walioudhika. Kuharibika kwa juzuu ya 60 hakumzuii mtu kufurahia ishirini za mwanzo.

Umeshanunua juzuu 40 kati ya 72 na rafu inakutazama: zile 40 haziulizi kama utazikamilisha. Azima au soma kidijitali juzuu mbili zinazofuata, na ukinunua, nunua kwa sababu ya hizo mbili.

Na popote utakaposimama, andika namba ya sura, si namba ya juzuu. Yako matoleo yanayounganisha juzuu mbili au tatu katika kitabu kimoja, na "niliishia ya 9" inaweza kuwa sura ya 80 kwenye toleo moja na ya 240 kwenye jingine.